MREJESHO: Mwaliko wa chai ya asubuhi kwa wanaume wa sinagogi

Wakuu, niliuliza hapa kama ni sawa kwenda, na nibebe nini, baada ya mfanyakazi mwenzangu Myahudi huku Marekani kunialika kwenye chama cha wanaume cha sinagogi lao. Nimekwenda.

Aliyeniambia nibebe matunda, ubarikiwe. Chakula cha kupikwa nyumbani kingeleta maswali ya kosha, yaani sheria zao za chakula. Mezani palikuwa na bageli (mikate ya duara yenye tundu katikati), jibini laini na salmoni wa kukaushwa kwa moshi. Nyama hakuna kabisa, maana hawachanganyi nyama na maziwa. Na ni Jumapili, kwa kuwa Sabato hawashiki pesa, na kikapu cha michango lazima kizunguke! Mlangoni kuna kofia ndogo za kuazima, nikavaa yangu kama baraghashia.

Kilichonigusa ni mishumaa ya njano. Chama kinaipeleka kwenye nyumba za waumini kabla ya Yom HaShoah, siku ya kuwakumbuka Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi, pamoja na bahasha ya mchango. Kila mshumaa unawaka saa 24. Rangi ni ya ile alama ya njano waliyolazimishwa kuvaa. Mradi huu ni wa vilabu vya wanaume vya madhehebu ya Kiyahudi ya Conservative, ambavyo shirikisho lao lipo tangu 1929.

Mengine ni porojo za mpira na utani wa wazee, kama kijiweni tu. Wameshaniandikisha kusaidia kujenga sukka, kile kibanda cha sikukuu yao ya vuli. Nyundo ninayo.