Nimepata ajali kwenye barafu Minnesota: nianzie wapi, na je, nimejifunga kwa kusema "sori"?

Mgeni_wa_Theluji:
Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Mimi ni Mkenya ninayeishi karibu na St. Cloud, na huu ni msimu wangu wa pili wa baridi hapa Minnesota. Juzi jioni nilikuwa kwenye barabara kuu ya I-94 nikielekea upande wa Minneapolis. Theluji ilikuwa imekatika na lami ilionekana kama imeloa tu. Nilipofika juu ya daraja usukani ukawa mwepesi ghafla, gari likazunguka na kujibamiza kwa mbele kwenye kingo za chuma, na kabla sijajua la kufanya, gari lililokuwa nyuma likanigonga na kukunja buti.

Nilishuka nikasimama nyuma ya gari kukagua uharibifu, na yule dereva alipokuja nikamwambia "sori", kwa adabu zile zile tulizolelewa nazo. Askari wa doria wa jimbo alifika, akachukua maelezo na kunipa namba ya ripoti. Gari la wagonjwa nililikataa kwa kuhofia bili. Leo shingo imekaza kiasi kwamba siwezi kutazama nyuma. Gari liko kwenye yadi ya watu wa kuvuta magari na linatozwa kila siku, na tangu asubuhi mtu wa bima ya yule dereva ananipigia akitaka nieleze ajali huku akinirekodi. Bima yangu mwenyewe ni ile ndogo, kwa hiyo sikuona sababu ya kuwaarifu, tena naogopa wataniongezea ada. Nianzie wapi?

Nesi_wa_Zamu:
Pole sana, kaka. Anza na shingo, na uifanyie kazi leo hii. Ajali inapotokea mwili huficha maumivu, na shingo iliyorushwa mbele na nyuma mara nyingi huanza kuuma siku inayofuata au ya pili yake. Ukisikia ganzi mikononi, kichwa kikizidi kuuma, ukitapika au ukijikuta umechanganyikiwa, usisubiri miadi ya daktari, nenda moja kwa moja chumba cha dharura.

Kuhusu bili, hapo ndipo wageni wengi tunapopotea. Minnesota ni miongoni mwa majimbo ambayo bima ya gari lako mwenyewe ndiyo inayolipa matibabu yako, awe amekosa nani. Sheria inaitaka bima ya gari la kawaida iwe na kinga hiyo isiyopungua dola 40,000, nusu yake kwa matibabu na nusu nyingine kwa mshahara uliopotea na gharama zinazofanana na hizo. Mshahara hufidiwa kwa asilimia 85, kwa kiwango cha chini kisheria cha hadi dola 500 kwa wiki. Hata hiyo unayoiita bima ndogo inayo kinga hii. Ulichokosa ni kinga ya bati la gari, si ya mwili wako. Sasa utawezaje kuitumia ikiwa hujawaambia kwamba umepata ajali? Wapigie, upewe namba ya dai, kisha uende nayo hospitalini.

Baba_Zuhura:
Mimi nizungumzie yadi, kwa sababu yalinikuta. Nilichelewa siku tisa nikidhani bima "inashughulikia", na nilipokwenda, deni la maegesho lilikuwa linakaribia thamani ya gari lenyewe. Nenda leo au mtume mtu. Toa vitu vyako vyote, na upige picha nyingi kabla gari halijasogezwa.

Hizo picha uzigawe vizuri, kwa kuwa ulichopata ni ajali mbili ndani ya moja. Uharibifu wa mbele ni wa kwako na kingo, na kwa bima ndogo hakuna atakayekulipa. Uharibifu wa nyuma unatokana na yule aliyekugonga, na huo una haki ya kuudai kwa kampuni yake. Ukipiga picha moja ya gari zima lililobondeka, wao watakuambia yote ulijifanyia mwenyewe.

Jambo lingine ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: zile kingo ni mali ya jimbo, na bili ya kuzitengeneza inaweza kukufikia nyumbani baada ya muda. Usiilipe kutoka mfukoni kwa woga. Ipeleke kwa bima yako, maana kinga ya mali ya watu wengine, ambayo kwa sheria ya hapa haipungui dola 10,000, imewekwa kwa ajili ya mambo kama hayo.

Na kama kulikuwa na kiti cha mtoto ndani, usikihamishie kwenye gari lingine. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani inashauri kiti kibadilishwe baada ya ajali ambayo si ndogo, na ajali ambayo gari limeshindwa kuondoka kwa magurudumu yake haihesabiwi kuwa ndogo.

Wakala_Mstaafu:
Niliuza bima kwa miaka mingi, kwa hiyo nianze na hiyo "sori" yako. Sisi tuna pole na tuna samahani, na hakuna anayezichanganya: unampa pole hata mtu aliyejikwaa mwenyewe. Kiingereza kimeyabana yote mawili katika neno moja, na mtu wa bima atachagua maana inayomfaa yeye. Hata hivyo, neno moja la barabarani haliamui kesi. Ukiulizwa, sema ukweli kwamba ulikuwa ukimpa mwenzako pole.

Barafu nayo haimwondolei mtu kosa. Dereva anatarajiwa kupunguza mwendo kulingana na hali ya barabara, na jambo hilo linakuhusu wewe uliyeteleza, lakini pia linamhusu aliyekufuata kwa karibu mno akashindwa kusimama. Sheria ya Minnesota hugawa kosa kwa asilimia: ikiwa lako halizidi la unayemdai, unalipwa, ila unapunguziwa kwa kiasi cha kosa lako. Ndiyo maana wanakimbilia kukurekodi mapema, kabla hujajua hata shingo yako ina nini. Kampuni yako mwenyewe lazima ushirikiane nayo; ile ya mwenzako huna wajibu wa kuipa sauti yako. Mwambie kwa adabu kwamba unatibiwa na awasiliane na kampuni yako. Hundi yoyote itakayokuja na karatasi ya kumaliza madai, usitie saini kwa sasa.

Usiku wa leo andika kila unachokumbuka: saa, njia uliyokuwamo, mwendo, hali ya matairi. Barabara imeshamwagiwa chumvi na ushahidi umeyeyuka, ila ripoti ya askari na kumbukumbu za idara ya hali ya hewa zimebaki.

Mlima_wa_Duluth:
Mimi ningemtafuta wakili kabla ya yote. Hawa watu si wa kuchezea.

Wakala_Mstaafu:
Simpingi, ila nasema asiharakishe. Mawakili wa ajali kwa kawaida huchukua sehemu ya fidia, mara nyingi theluthi. Na hapa huwezi kumdai mwenzako fidia ya maumivu mpaka gharama za matibabu zizidi dola 4,000, au uumie kwa kudumu, au ushindwe shughuli zako kwa siku 60 au zaidi. Daktari kwanza, halafu tutajua kama kuna kesi.

Mgeni_wa_Theluji:
Nawashukuru sana. Nimeipigia bima yangu na namba ya dai ninayo. Nina swali moja: mimi huhudumia wazee majumbani, na saa ile nilikuwa natoka kwa mzee mmoja nikienda kwa mteja wa pili. Je, hilo linabadilisha chochote?

Nesi_wa_Zamu:
Kaka, hilo ungelisema mwanzo! Safari ya kutoka nyumbani kwenda kazini kwa kawaida haihesabiwi, lakini ya kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine kwa kawaida ni kazi. Ikikubaliwa hivyo, fidia ya wafanyakazi, yaani bima ya mwajiri kwa wanaoumia kazini, ndiyo inayotangulia kulipa, na bima ya gari inafuata nyuma. Mwandikie msimamizi wako leo, kwa maandishi, utaje saa na wateja uliokuwa kati yao. Usimwambie kwa mdomo tu ukidhani atakumbuka.

Dada_wa_Fargo:
Mengine yamesemwa, ila hakuna aliyekugombeza kwa kusimama nyuma ya gari. Kama wewe uliteleza pale, basi anayefuata atateleza pale pale, hasa juu ya daraja, ambalo hupigwa na baridi juu na chini na huganda kabla ya barabara nyingine. Kama gari haliwaki moto na huna njia salama ya kuvuka kingo ukaenda mbali na magari, baki ndani na mkanda, washa taa za hazadi na upige 911. Ukiwasha injini upate joto, hakikisha kwanza theluji haijaziba ekzosi, maana hewa yake huua bila harufu.

Mgeni_wa_Theluji:
Nimekuelewa, dada, na sina la kujitetea. Msimamizi nimeshamwandikia. Daktari ananiona saa tisa alasiri, na kwa kuwa yadi inafungwa saa kumi na moja, nimemtuma shemeji akapige picha, mbele kivyake na nyuma kivyake. Kiti cha mtoto nimemwambia akiache huko huko.