Tupeane uzoefu: Trilojia (hadithi ya sehemu tatu) unayoipenda kuliko zote, na sehemu ya tatu ilivyokufikia (au ilivyokukimbia)

Mwana wa Deki:
Wakuu, habari za jioni. Leo nimepita kijiwe fulani nikakuta dogo anaangalia kwenye simu ile picha ya kung fu ya Gordon Liu, 36 Chambers. Nimesimama nyuma yake hadi chai yangu ikapoa. Wa zamani mnanielewa.

Kwa ambao hamkuwepo: ya kwanza ni ya 1978. Steringi anaitwa San Te, anaingia Shaolin hajui kitu, anateswa chumba baada ya chumba. Kuna pale anabeba ndoo za maji mikono kaitanua, amefungwa visu mikononi, akilegea tu vinamchoma mbavu. Tuliiangalia kwenye banda la video Manzese, tukatoka pale kila mtu anatafuta ndoo ya mama yake.

Baada ya wiki mwenye banda akaleta pati 2, ya 1980. Tumejaa hadi madirishani. Steringi sura ileile, lakini kupigana hajui! Ni tapeli, anajidai yeye ndiye San Te, mtu akimgusa yuko chini. Banda likachachamaa. Mzee mmoja akasema huyu karogwa. Mfasiri wetu, yule wa kutafsiri picha papo hapo, akashika maiki akatuambia amepigwa kichwani, kasahau kung fu, tusubiri atakumbuka. Basi picha nzima tunasubiri akumbuke!

Kumbe ni mhusika mwingine kabisa, mwigizaji tu ndiye yuleyule. Shaolin wanampa kazi ya kujenga jukwaa la mianzi kuzunguka majengo, na katika kule kupanda na kufunga mianzi anajifunza bila kujua. Nimekuja kulielewa hili juzi juzi, mtu mzima na kitambi.

Ya tatu ya 1985 sijaiona mpaka leo. Banda lilifungwa. Haya, tupeane uzoefu: filamu, vitabu, gemu, vyote ruksa.

Kijiko:
Siti ya mbele. Karanga ziko wapi?

Mpiga Debe Mstaafu:
Rambo. Tatu safi. Uzi ufungwe.

Mwl wa Zamu:
Rambo ziko tano, ndugu. 1982, 1985, 1988, kisha 2008 na 2019.

Mpiga Debe Mstaafu:
Mwalimu, mimi nilipoziangalia zilikuwa tatu. Toka 1988 hadi 2008 ni miaka ishirini, mtu anazaliwa anaoa. Hizo mbili za mwisho ni wajukuu.

Fundi Redio:
😂😂 Namuunga mkono mstaafu.

Mwl wa Zamu:
Mimi ni wa vitabu. Chinua Achebe, yule mwandishi wa Nigeria. Shuleni tulisoma Shujaa Okonkwo, ile tafsiri ya Kiswahili ya kitabu cha 1958, nikadhani mzee alipojinyonga basi, imeisha. Miaka imepita, nikakuta kwa muuza vitabu vya mtumba kitabu chake kingine, cha 1960, kinachomhusu kijana Obi. Nimefika katikati ndipo nikagutuka: huyu Obi ni mjukuu wa Okonkwo! Baba yake ni yule Nwoye aliyemkimbia Okonkwo akaenda kwa wamisionari. Nilikaa kimya kwenye daladala nikapitiliza kituo. Babu kafa akiwapinga wazungu, mjukuu kasomea Uingereza, karudi Lagos, anahukumiwa kwa rushwa.

Cha tatu, Mshale wa Mungu, cha 1964, kinarudi nyuma, miaka ya 1920. Ushauri: someni kwa mpangilio wa matukio, yaani cha kwanza, cha tatu, kisha cha pili.

BintiShangani:
Mwalimu, hapana. Msomeni kama alivyotoa mwenyewe. Aliyepika ndiye anayejua kipi kitangulie sahani.

Mwl wa Zamu:
Mwandishi si mpishi.

BintiShangani:
Basi na wewe si msomaji. Haya, yangu mimi ni ile ya Cairo ya Naguib Mahfouz, mwandishi wa Misri, 1956 hadi 1957, vitabu vyote vitatu vimepewa majina ya mitaa. Kuna yule baba, Bwana Ahmad. Nyumbani hacheki, mke hatoki hata kuchungulia. Usiku yuko na marafiki zake na waimbaji, anapiga tari! Mke siku moja mume kasafiri, katoka kwenda kuzuru msikiti wa Sayyidna Hussein, kagongwa na gari njiani. Mume aliporudi akamfukuza nyumba.

Nilisoma hapo nikakifunga kitabu. Babu yangu Unguja alikuwa vivyo hivyo, na sisi wajukuu tumekuja kusikia habari za tari siku ya hitima yake, wazee wenzake wanacheka barazani. Bibi alikuwepo, anamimina kahawa, hakusema neno. Nilivyomwangalia uso nikajua alikuwa anajua siku zote.

Cha tatu nimekisoma mara moja tu. Yule baba amezeeka, na hapo ndipo pananishinda.

Kijiko:
Dada umeniharibia karanga.

Chumbageni1:
Mimi huwa msomaji tu humu lakini leo mmenigusa.

Gemu ya God of War, steringi Kratos anapigana na miungu ya Wagiriki. Ya kwanza 2005, ya pili 2007, zote za mashine ya PlayStation 2 (PS2). Tanga, nyumbani, mimi na kaka yangu. Mashine ya kuazima, tunacheza usiku mzee akishalala, sauti tumezima kabisa, kwa hiyo mimi Kratos nilimjua kama bubu. Kaka anashika pedi, mimi kazi yangu kumwambia "nyuma yako, nyuma yako".

Ile ya pili tuliimaliza saa tisa usiku. Mnakumbuka inavyoisha? Kratos yuko mgongoni kwa jitu Gaia, majitu yote yanapanda Olympus, miungu inachungulia kutoka juu, Kratos anapaza sauti kumwita Zeus... imekata. Majina ya watengenezaji yanapanda.

Kaka akasema CD imechubuka. Akaifuta na shati, akairudisha, tukapiga tena lile pambano la mwisho, ikakata palepale. Asubuhi akaenda kwa muuzaji, nusura wapigane. Muuzaji anaapa kwa mama yake kwamba ndiyo inavyoisha, kaka anamwambia hakuna mtu mwenye akili anamaliza hadithi hapo. Akarudi na CD ya mpira badala yake.

Tukakubaliana ya tatu ikitoka tunaicheza pamoja. 2008 kaka akazamia Sauzi. Memori kadi, ile inayohifadhi mlipofikia kwenye gemu, akaichomoa, akaitia mfukoni, akaniambia "usije ukaendelea bila mimi". Mwaka wa kwanza alikuwa anapiga simu. Wa pili, kimya.

2010 ya tatu ikatoka, ya PS3. Bei yake sitaki hata kukumbuka. Nilikuwa napita kwenye vibanda vya gemu naangalia watu wanaicheza, nafumba macho. Mama alikuwa ameshaanza kusomesha dua.

2016, jioni, mtu kasimama mlangoni na mfuko wa plastiki. Mama alimtambua kwa kikohozi. Vidole viwili vya mkono wa kulia hana, vilibaki kwenye mashine ya kukatia mbao. Mfukoni ana pochi, ndani ya pochi ile memori kadi, imefungwa kwa uzi.

Nikampeleka kibandani, nikalipia saa mbili. Kadi ya PS2 kwenye PS3 pa kuingia hapana, na hata ingeingia ya tatu haiitaki. Hakujali. Aliiweka juu ya mashine, akanipa pedi, akasema "piga wewe, leo mimi ndiye nakwambia nyuma yako".

Wakuu, inaanzia palepale ilipokatia! Mgongoni kwa Gaia. Na mara hii ina sauti. Miaka tisa ndiyo namsikia Kratos anaongea. Tukamtoa Poseidon roho. Halafu Gaia mwenyewe anamwacha Kratos aanguke, nguvu zote zinamtoka. Kaka akasema taratibu, "Unaona? Ndivyo ilivyo."

Muda ukaisha.

Fundi Redio:
Duh.

Mpiga Debe Mstaafu:
Narudisha Rambo yangu.

Kipakatalishi:
Stori ya kutunga hii. Memori kadi ya PS2 haiingii kwenye PS3, kila mtu anajua.

BintiShangani:
Kaandika hivyohivyo kwamba haikuingia. Soma, mwanangu. Macho umepewa bure.

Kipakatalishi:
Nimesoma. Nauliza tu, miaka yote hiyo simu hakuna? Na wewe ukamlipia? Mimi ndugu yangu angenieleza kwanza.

Mwana wa Deki:
Kipakatalishi, uzi ni wa trilojia. Mahakama iko jukwaa lingine.

Dada wa Soweto Mbeya:
Chumbageni1, pole sana. Alilipwa fidia ya vile vidole? Wengine tuna ndugu huko tunataka kujua.

Chumbageni1:
Hajawahi kusema na sijamuuliza.

Fundi Redio:
Ngoja nipunguze machozi. Mass Effect. 2007, 2010, 2012. Uzuri wake unahamisha mhusika wako toka gemu moja hadi nyingine, uliyemwokoa anakukumbuka, uliyemwacha afe kafa kweli. Kompyuta ikasumbua, fundi akapiga Windows mpya bila kuniuliza. Kikosi kizima kikafutika, nikabaki mimi na jeneza. Nikarudia yote toka mwanzo. Na mwishoni nikaambiwa nichague rangi: nyekundu, bluu, kijani.

Kijiko:
Kwa hiyo hata mafundi mnaibiwa na mafundi.

Fundi Redio:
Mimi ni wa redio.

Dada wa Soweto Mbeya:
Lord of the Rings niliionea kwenye basi la Dar kuja Mbeya. Ile ya tatu, ya 2003, iliyobeba Oscar 11. Kila ikififia kama imeisha abiria wanaanza kukusanya mizigo, inawaka tena. Mama mmoja alishusha begi lake mara tatu.

Mwl wa Zamu:
Hiyo kisheria si trilojia. Tolkien aliandika kitabu kimoja, wachapishaji ndio waliokigawa vipande vitatu, 1954 hadi 1955.

Mpiga Debe Mstaafu:
Mwalimu, Rambo umezikataa kwa kuwa nyingi, hii unaikataa kwa kuwa chache. Sema unachotaka.

Kipakatalishi:
Ushauri wangu: ya tatu usiiguse. The Godfather walisubiri toka 1974 hadi 1990. Ilivyokuja, bora wangeacha watu wasubiri.

BintiShangani:
Ndiyo yako unayoipenda hiyo?

Kipakatalishi:
Mbili za kwanza naziangalia kila Idi.

Mpiga Debe Mstaafu:
Wewe Chumbageni1 usikimbie. Mliimaliza?

Chumbageni1:
Bado. Kibanda kilihama, na kazi zikatubana. Tulimkata Helios kichwa, tunakitumia kama tochi, tukaishia kwa Hermes, yule mwenye mbio. Kaka anasema tumwache kwanza.

Mbuyuni Kwetu:
Nipo Tanga, Ngamiani. PS3 ninayo, mtoto kaichoka, na CD hiyo ipo. Pedi moja kitufe cha mraba kinagoma. Nicheki inboksi.

Chumbageni1:
Mraba ndio wa kupigia, mkuu. Lakini nakuja.

Mwana wa Deki:
Na mimi mwenye ile ya 1985 ya Shaolin asinisahau. Hata ikiwa na yule mfasiri.