Mtoto ana aleji ya pua, eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) 14%. Ndiyo hali mbaya?

mama_uyole
Habari za usiku ndugu zangu. Mwanangu ana miaka 8, tuko Uyole, Mbeya. Tangu baridi ya Juni ianze, pua yake haijakauka. Akitoka tu kwenye blanketi asubuhi ni chafya mfululizo, halafu anasugua pua kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, mpaka imeweka mstari hapo katikati. Mkono wa sweta ya shule umekakamaa kwa kamasi. Homa hana.

Jana kituo kimoja walimpima FBP (picha kamili ya damu). Karatasi inasema chembe nyeupe 6.2 (yaani 6,200), eosinofili 14%. Nikaambiwa mwisho ni 6%, kwa hiyo aleji imepanda sana, aanze vidonge vya prednizoloni (stiroidi ya kumeza) na tupime kila mwezi. Usingizi umenikimbia. Namba hiyo ndiyo ukali wa ugonjwa? Nimpe hivyo vidonge?

fundi_mbao
Pole sana dada. Mimi niko Mafinga, nashinda kwenye vumbi la msumeno. Eosinofili zangu zilikuja 3%, na bado nilikuwa nalala nimeketi kwa pua kuziba. Ile karatasi haikujua usiku wangu.

mbonde
Mfukize mvuke wa tangawizi na mchaichai, sisi ndivyo tulivyokua.

wa_maabara
Shikamoo mzee mbonde, ila maji ya moto kwa mtoto yameunguza wengi, tuyaache.

Mama, pole. Kwanza usitazame asilimia peke yake. 14% ya 6,200 ni kama 868 kwa mikrolita moja ya damu. Kwa kawaida hazizidi 500 hivi. Kweli zimepanda, lakini si kiwango cha kutisha. Pili, eosinofili hupandishwa na mambo mengi: pumu, ukurutu, baadhi ya dawa, na huku kwetu zaidi ya yote minyoo. Hata saa ya kutoa damu inazibadilisha, usiku huwa juu kuliko asubuhi. Za damuni hazifuatani sawasawa na kinachoendelea puani. Afadhali hata zinazohesabiwa kwenye kamasi lenyewe.

Ukali wa aleji ya pua unapimwa kwa maswali. Analala? Anacheza? Darasani anafuatilia? Dalili zinamsumbua siku ngapi kwa wiki? Zikifika 4 au zaidi, na zikadumu wiki 4 au zaidi, hiyo ni ya kudumu. Ikivuruga usingizi au shule, tayari si nyepesi, hata karatasi ikisema 2%.

Nikuulize: mtoto amekwenda wapi karibuni?

mama_uyole
Usiku anakoroma, mdomo wazi. Mwalimu anasema anasinzia. Na likizo alikuwa kwa bibi yake Kyela, anashinda peku kwenye majaruba ya mpunga.

wa_maabara
Basi kabla ya prednizoloni rudi kwa daktari umweleze hilo la Kyela, maana minyoo mingine huingia kwa nyayo. Omba kipimo cha choo, sampuli za siku tatu tofauti, maana mayai ya minyoo hayatoki kila siku. Kuna mnyoo mmoja, strongiloidi, ukimpa mtu stiroidi za kumeza huku anao, unaweza kuzaliana mwilini mpaka ukahatarisha maisha. Tena vidonge hivyo hushusha eosinofili ndani ya saa chache, mtashangilia namba na chanzo kipo palepale.

nesi_iringa
Naunga mkono. Kwa pua, muulize daktari kuhusu stiroidi ya kupuliza puani, hiyo ni tofauti na vidonge. Ainamishe kichwa kidogo, mkono wa kulia upulize tundu la kushoto, ncha ielekee upande wa sikio, si ukuta wa katikati, la sivyo atatoka damu. Inataka kila siku, na nafuu kamili huchukua hata wiki mbili. Matone ya kuzibua pua usiyazoeshe: yakipita siku chache pua huziba kuliko mwanzo. Na hayo mablanketi yaliyokaa sandukuni tangu mwaka jana, yafue kwa maji ya moto.

mama_uyole
Wiki ya tatu leo. Sampuli ya pili ilionyesha mayai ya minyoo ya safura, akapewa dawa ya minyoo, albendazo. Daktari wa pua akampa ya kupuliza, vidonge akasema hapana. Nirudie FBP sasa?

wa_maabara
Subiri kidogo mama, eosinofili za minyoo hushuka polepole, wiki kadhaa hata miezi. Usiku je?

mama_uyole
Jana nimeamka saa tisa nikamsogelea na tochi ya simu. Mdomo umefumba, anapumua kwa pua.