Dola 150 halafu ananiambia "VAA SWETA"!!!

MdigoWaTheluji: Wakuu, natetemeka kwa hasira. Yule fundi wetu wa hita huku Minnesota, simtaji, mnamjua, kila harusi yuko mbele kwenye pilau. Nimemwita aangalie hita ya gesi ya nyumba yangu ya magurudumu. Feni inavuma, inapuliza upepo wa friji, cheche hata moja hakuna. Nje nyuzi -20, ndani mafuta ya kula yameganda!

Kaingia, kagonga mtungi kwa kidole: "Gesi imeisha." Nimejaza asubuhi! Basi "bodi ya umeme ya hita imekufa, agiza mpya." Skrubu hata moja hajafungua. Kapokea dola 150, chai yangu mkononi, mke wangu anasikia: "Vaa sweta bwana, hapa si Tanga."

SWETA! Ndani ya nyumba yangu! Na chai kamaliza!

Kobe_Mzee: Uzi bila picha ya sweta haunogi 😂

FundiKimya: Mkuu, cheche zisipokuja kabisa usiguse gesi kwanza. Pembeni ya feni kuna swichi ndogo, upepo ndio unaoisukuma. Upepo ukiwa dhaifu haiungi umeme, na bodi hairuhusu gesi. Pima betri feni ikiwa inazunguka. Chini ya volti 10.5 hapo hapo umepata mchawi. Kama betri nzima, safisha hiyo swichi, nywele za mbwa huikwamisha.

MdigoWaTheluji: Betri inasoma 9.8. Lakini sizungumzii betri, nazungumzia SWETA! Hapa si Tanga, kwani nilimwambia ni Tanga?

Chizi_Fresh: Washa oveni ya gesi ulale, tatizo kwisha.

FundiKimya: Acha kuua watu. Kaboni monoksidi haina harufu, hutaamka.

MamaZuu: Huyo huyo alikuja kwangu kwa jokofu, akala sambusa zote, jokofu likafa kabisa.

Kobe_Mzee: Kumbe analipwa kwa chakula 😂😂

Mbagala_Damu: Afadhali nyie. Muuza gesi wa mtaani kwetu mtungi wa kilo 6 hauivishi maharage mara mbili. Wanapunja hawa!

MamaZuu: Maharage unaloweka usiku lakini?

Mbagala_Damu: Kuloweka kwa nini? Ya njano yale.

MdigoWaTheluji: Jamani, sweta!

MamaZuu: Hata ya njano loweka, mwanangu.