Sikukuu hii tuko watu 15 na TV ya inchi 43: tukodi projekta au tubaki na TV?

Mzee_wa_Kimara

Wakuu, salaam. Kuanzia tarehe 24 Disemba nyumbani tutakuwa watu 15, karibu nusu watoto wa miaka 4 hadi 12. Tunataka kila jioni iwe na filamu moja. Vifaa vilivyopo: TV janja ya inchi 43 ya mwaka 2019, sabufa yenye spika mbili, flashi ya GB 64, king'amuzi na laptop.

Matatizo ni haya. Baadhi ya filamu kwenye flashi zinatoa picha bila sauti. Faili kubwa zinakataa kabisa kuingia kwenye flashi ingawa ina nafasi. Maongezi yanasikika kwa mbali, halafu bomu likilipuka madirisha yanatetemeka. Kuna projekta ndogo ya kukodi, mwenye nayo anasema ina lumeni 9000 (lumeni ni kipimo cha mwanga). Je, niichukue?

Na siku moja tunawapeleka watoto sinema, pengine Century Cinemax ya Mlimani City. Mwenye maarifa ya kupanga hilo naye aseme.

FundiLenzi

Mkuu, piga hesabu ya macho kabla ya kutoa hela. TV ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 tu. Ili picha ijae machoni inavyotakiwa kwenye filamu, yaani pembe ya nyuzi 30 hivi, mtazamaji akae kama mita 1.8 kutoka kwenye kioo. Umbali huo unatosha watu wanne, watano wakibanana. Aliye mita 4 nyuma ataona watu wanakimbia, subtaito aisome kwa kukaza macho. Kwa watu 15 projekta ndiyo jibu, ila hiyo ya lumeni 9000 ichunguze kwanza.

Namba hiyo kwenye boksi la projekta ndogo ni ya tangazo. Ulizia ANSI lumeni, yaani mwanga uliopimwa kwa kanuni rasmi. Chukua pazia la upana wa mita 2.2 na kimo mita 1.24: eneo lake ni mita za mraba 2.7. Kumbi za sinema hulenga mwanga wa niti 48 (niti ni kipimo cha mng'ao) kwenye pazia, na kufika hapo kwa pazia jeupe la kawaida unahitaji ANSI lumeni kama 400. Ukipata 300 bado unatazama vizuri, ilimradi chumba kiwe giza totoro. Nyingi ya hizo ndogo za bei ya chini zinatoa 100 au pungufu, na kwa 100 usivuke upana wa mita 1.1. Hapo umekodi kitu kinacholingana na TV uliyonayo, tena kwa picha iliyofifia.

Jambo la pili ni pikseli. "Inasapoti 1080p" maana yake inakubali kupokea picha ya kiwango hicho. Kioo chake cha ndani kinaweza kuwa 800 kwa 480. Kuipima ni dakika mbili: chomeka laptop kwa HDMI, iweke 1920 kwa 1080, fungua ukurasa wenye maandishi madogo. Herufi zikionekana zimemeguka au zimeyeyukiana, kioo ni cha 480. Fanya kipimo hicho dukani kwake, usisubiri ifike nyumbani.

Umbali nao una kanuni. Tafuta kwenye karatasi ya maelezo namba iliyoandikwa Throw Ratio, uizidishe na upana wa picha. Ikiwa 1.3, basi 1.3 × 2.2 ni mita 2.86 kutoka lenzi hadi pazia. Kwa maana hiyo projekta itakaa katikati ya watazamaji, sio nyuma yao. Iweke kwenye meza fupi imara, watoto wakae mbele yake chini kwenye mkeka, wakubwa nyuma na pembeni. Njia ya kwenda chooni ipite nyuma ya projekta. Waya wa umeme ubandikwe sakafuni kwa gundi ya karatasi pana, la sivyo mtoto wa kwanza anayekimbia ataiangusha.

Usiitazamishe juu kwa kuinamisha halafu ukanyoosha picha kwa Keystone. Inafanya kazi, lakini inakula pikseli, na fokasi ikikaa sawa chini, juu inatia ukungu. Inua projekta yenyewe kwa vitabu mpaka picha ikae mraba.

Pazia: shuka moja jeupe linapitisha mwanga, unapoteza mng'ao. Tumia mawili yaliyoshonwa pamoja, au ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa. Rangi ya mafuta inakupa doa kali la mwanga katikati. Shona utepe mweusi wa sentimita 5 kuzunguka kingo. Watu huuona kama pambo, ila ndio unaolifanya jicho lione weusi wa picha kuwa mweusi zaidi.

Binti_wa_Data

Naingia kwenye faili.

Flashi inayokataa faili kubwa imefomatiwa FAT32, mtindo wa zamani wa kupanga faili, ambao haubebi faili moja inayofika GB 4 hata flashi ikiwa tupu. Hamisha vilivyomo, ifomati upya NTFS au exFAT. TV nyingi zinasoma NTFS. exFAT inasumbua kwenye TV za zamani, kwa hiyo jaribu NTFS kwanza.

Picha bila sauti karibu kila mara ni sauti ya DTS, aina mojawapo ya kufunga sauti ndani ya faili. Samsung ziliacha kuicheza kuanzia modeli za 2018, LG nazo zikaiacha 2020 kabla ya kuirudisha 2023. Faili haijaharibika na flashi haina kosa. Pakua programu ya bure ya ffmpeg kwenye laptop, fungua dirisha la amri kwenye folda ya filamu, andika:

ffmpeg -i filamu.mkv -c:v copy -c:a ac3 -b:a 448k filamu2.mkv

Kipande cha "-c:v copy" kinaiacha picha kama ilivyo na kubadilisha sauti peke yake, kwa hiyo filamu ya saa mbili inamalizika ndani ya dakika chache. Ukitumia programu inayogeuza kila kitu utakesha, na ubora utashuka bure.

Kukiwa na sauti bila picha, hiyo ni H.265, aina mojawapo ya kufunga picha. TV nyingi za kabla ya 2015 haziijui. Ya kwako ya 2019 iko salama hapo, ila projekta ya kukodi usiiamini: ilishe kwa HDMI kutoka laptop, uache kuchomeka flashi moja kwa moja kwenye projekta.

Subtaito: faili ya .srt iwe na jina lile lile la filamu, herufi kwa herufi, katika folda hiyo hiyo, na ihifadhiwe kwa UTF-8 (mtindo wa kuandika herufi, unauchagua unapo-save). Isipokuwa UTF-8, alama za herufi za kigeni zinageuka vibox.

Ukitumia hard disk ya nje badala ya flashi, chomeka kwenye tundu lililoandikwa HDD. Tundu la kawaida la USB 2.0 linatoa ampea 0.5, na diski nyingi zinataka zaidi wakati wa kuwaka. Ukisikia inagonga "tik, tik" na kuzimika, inakosa umeme.

Wa intaneti: Netflix kwa HD inakula hadi GB 3 kwa saa, kwa 4K hadi GB 7. Filamu ya saa mbili ni GB 6 za bando. Ukishusha kiwango hadi Medium kwenye mipangilio ya akaunti inakuwa kama GB 0.7 kwa saa. Kwenye simu hutaona tofauti, kwenye pazia la mita 2.2 utaiona sana.

Na kama jina la faili lina herufi CAM, imerekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi. Hakuna mpangilio wa TV utakaoiponya. Ifute.

SpikaMbili

Maongezi kuwa chini: filamu imechanganywa kwa spika sita, na maongezi karibu yote yako kwenye spika ya katikati ambayo wewe huna. Kwenye TV ingia mipangilio ya sauti, toa Surround na "madoido" yote, weka PCM au Stereo. Kwenye VLC (programu ya kuchezea filamu) ya laptop washa kigandamiza sauti, kwenye menyu kimeandikwa Compressor. Kinashusha milipuko na kuacha maongezi yapande.

Sabufa iunganishe kwa waya kutoka tundu la hedifoni la TV au laptop kwenda tundu jekundu na jeupe. Sauti ya chanzo iweke asilimia 75, halafu rekebisha kwenye sabufa. Ukifanya kinyume, chanzo chini na sabufa juu, unakuza mnung'uno. Bluetooth iache. Inachelewesha sauti kiasi kwamba mdomo unafunga ndipo neno linatoka.

Spika mbili ziende kulia na kushoto kwa pazia, usawa wa masikio ya aliyekaa, sio chini ya meza pamoja na sabufa.

Kaka_Besi

Ongeza besi, mkuu, filamu bila besi ni redio 😄

SpikaMbili

@Kaka_Besi kwa muziki sawa. Kwa maongezi besi ndiyo adui, inafunika sauti nzito za wanaume. Kitufe cha besi kisivuke theluthi moja, na sabufa isikae pembeni kabisa ambako kuta mbili zinakutana. Hapo inavuma bila hata kuguswa.

Nyali_Mtazamaji

Naongeza ya TV kabla ya kwenda sinema. Filamu hurekodiwa fremu 24 kwa sekunde, na TV mpya hubuni fremu za kati ili mwendo uwe laini. Matokeo yake filamu kubwa inaonekana kama tamthilia ya mchana. Zima: kwa Samsung inaitwa Auto Motion Plus au Picture Clarity, kwa LG TruMotion, kwa Sony Motionflow. Ukikuta Filmmaker Mode, chagua hiyo, mengine inajipanga yenyewe. Mistari myeusi juu na chini ni umbo la filamu. Ukivuta picha ijae kioo, unakata watu waliosimama pembeni.

Mwenye DStv, kuwa makini na matangazo ya filamu za sikukuu. Saa ikiandikwa CAT ni ya Afrika ya Kati, kwetu ongeza saa moja: 20:00 CAT ni saa 3 usiku Dar, Nairobi na Mombasa. Hapo ndipo familia nyingi hukaa saa nzima zikingoja. Kifurushi lipia siku moja kabla, na king'amuzi kiwe kimewashwa wakati unalipa. Ukiona ujumbe wa kosa E16 baada ya kulipa, omba urejeshewe mawimbi ukiwa kwenye chaneli ya kifurushi chako. E48-32 ni kukosa mawimbi: mvua ya vuli, au dishi limesogea.

Kwa Kenya, vipindi vya kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku vinatakiwa vifae familia nzima, baada ya hapo usimwachie mtoto rimoti. Sinema pia soma alama ya KFCB (bodi ya Kenya ya kupanga madaraja ya filamu) kwenye tangazo: GE ni ya wote, PG mzazi awe karibu, 16 na 18 zinajieleza. Kwa Tanzania angalia daraja lililotolewa na Bodi ya Filamu.

Ukumbini: filamu mpya huingia Ijumaa, kwa hiyo ratiba ya wiki ijayo usiitegemee kabla haijatoka. Saa ya tiketi sio saa ya filamu, kuna matangazo kama dakika 15 mbele. Katuni nyingi ni dakika 90 hadi 110, mtoto wa miaka 4 yuko mwisho wa uvumilivu wake hapo. Mchagulie onyesho la mchana, mkae kiti cha njia. Kwa wengine viti bora viko katikati ya safu, theluthi mbili kurudi nyuma kutoka kwenye pazia. 3D kwa wadogo iache: miwani ni ya kichwa cha mtu mzima, itamwanguka filamu nzima na umeshailipia. Sweta lazima, viyoyozi havina huruma hata kama nje ni Disemba ya Dar.

Mzee_wa_Kimara

Shukrani sana wakuu. Mwenye projekta nimemuuliza ANSI, akabadilisha mada. Kuna nyingine ya LED, karatasi yake imeandikwa ANSI 400, 1920 kwa 1080 halisi, wati 90. Tufanyie uani basi? Na umeme ukikatika?

FundiLenzi

Hiyo chukua, ila ipime kwa maandishi kama nilivyosema.

Uani inafaa, lakini usianze mapema. Mwishoni mwa Disemba jua la Dar linazama kama saa 12:40 jioni, giza la kutosha ni saa 1:15 usiku. Ukianza saa 12:50 watasema projekta mbovu. Taa ya uani izimwe, na ya jirani kama mnaelewana. Pazia litapepea hata kwa upepo mdogo na picha itacheza nalo, hivyo shona pindo chini, pitisha bomba la PVC la inchi moja lililojazwa mchanga, halafu funga kamba pembe zote nne. Wadudu watafuata mwanga wa lenzi. Washa taa moja nyeupe mbali, isiyomulika pazia, iwavute huko.

Umeme: betri ya asidi ya 12V, 100Ah, tumia nusu yake tu, ambayo ni Wh (wati-saa) 600. Toa hasara ya inverta zinabaki kama 500. Projekta wati 90 na sabufa wati 40 ni 130, unapata saa 3 na dakika 50 hivi. Filamu mbili fupi au moja ndefu na nusu. Laptop iende kwa betri yake. Inverta iwe ya wimbi safi, zile za bei chee zinatia mnung'uno kwenye sabufa na hakuna kitufe cha kuutoa. Projekta za taa ya zamani zikizimika ghafla feni inasimama balbu ikiwa bado ya moto, ndiyo maana hufa. Ya LED haina shida hiyo, washa tena uendelee.

Jaribu mkusanyiko wote tarehe 23 usiku, pamoja na betri, kwa filamu ile ile utakayoonyesha. Na nunua waya wa HDMI wa mita 5, usichukue wa 15. Mrefu wa bei rahisi unakata picha kila dakika chache, na mtu atalaumu projekta.