"Melanoidini" kwenye bia nyeusi ni ladha gani, na neno limetoka wapi?

KauntaNjiro:
Wakuu, salaam. Nahudumu kaunta ya hoteli moja hapa Arusha. Juzi mgeni Mjerumani kaagiza bia nyeusi, kainusa, kaniambia ina melanoidini nzuri. Nikatikisa kichwa kama mjuzi, kaunta ndivyo ilivyo. Ni ladha gani hiyo? Au ni dawa wanaweka? Mimi ulimini nasikia utamu kwa mbali na kitu kama ganda la mkate. Na neno lenyewe asili yake wapi?

Mtaalamu_Bandia:
Karameli hiyo mkuu. Sukari iliyoungua, basi.

BintiKibosho:
Karameli siyo. Karameli ni sukari peke yake motoni. Hii inataka sukari ikutane na asidi amino, zile zinazojenga protini ya nafaka. Mfaransa Louis Camille Maillard ndiye aliyeueleza mwitikio huo mwaka 1912, na hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Neno ni la Kigiriki: "melas" ni nyeusi, na kile kipande cha "-oid" ni "mfano wa". Yaani waliolitunga walikuwa wanataja rangi, hawakuonja chochote! Melanoidini zenyewe ni molekuli kubwa za kahawia. Harufu unayoisikia inatoka zaidi kwa vitu vidogo vinavyozaliwa pamoja nazo. Wapika bia wakachukua jina la rangi wakalifanya la ladha. Kwangu mimi, "ganda la mkate" lako limesema mengi kuliko neno la mgeni. Kahawa iliyokaangwa na nyama choma kule nje ilikobabuka, asili ni hiyohiyo.

Dawa hakuna, ni kimea tu. Shayiri inalowekwa, ikishachipua inakaushwa kwa joto. Kimea cha bia nyeupe huishia nyuzi 80 na kitu. Kile kinachoitwa Munich hupandishwa hadi 100 au kuzidi kidogo, hapo ndipo kinapopata rangi na ladha yako.

Sasa njoo kwetu. Mama yangu anapika mbege, ile pombe yetu ya Kilimanjaro ya ndizi na ulezi. Ulezi analoweka, anafunika uchipue, halafu anaanika juani. Jua la Kibosho lenyewe unalijua, nusu ya siku liko nyuma ya mawingu, litakausha, halitakaanga. Ndiyo maana kimea cha mbege hakina harufu ya mkate. Unasikia ndizi, uchachu, na uchungu wa msesewa, lile gamba la mti linalotiwa ndani, ukija nyuma. Watu wanaoisifia mbege kwa maneno ya bia ya Ulaya huwa wananichosha.

Mtaalamu_Bandia:
Nimeelewa, dada. Nyama choma umenimaliza.

KauntaNjiro:
Asante sana dada. Je, mama akikaanga ule ulezi uliochipua kabla ya kusaga?

BintiKibosho:
Sehemu ndogo sawa. Akikaanga wote, vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari vinakufa, anabaki na uji. Hiyo sehemu ndogo nilimshauri, akaniuliza ni mteja gani amelalamika.