Wajukuu wa Bi Somoe, Mikindani

Mama Issa: Assalam alaikum. Leo siku ya tano. Kuna aliyepata habari za Issa? Simu haipatikani.

Zuhura: Waalaikum salaam mama. Bado, tiki moja tu.

Mama Issa: Alisema siku mbili jahazini wako Ngazija, Komoro. Usingizi sina. Nakumbuka Kenneth ya Aprili 2019, ilipita kulekule, kesho yake ikatua Cabo Delgado, na sisi huku tukalala macho.

Mjomba Selemani: Dada, kile kilikuwa kimbunga. Safari hii upepo haukuzidi, umekosekana. Tangu juzi hapa hautikisiki hata ukuti. Mtwara hadi Moroni ni kama maili 200 za bahari. Kaskazi ukishika, chombo kinaupokea ubavu wa kushoto, siku mbili umefika. Ukilala, mkondo unatoka mashariki, unakurudisha nyumbani kidogokidogo. Mashine ipo ila mafuta wanayaonea huruma.

Hamisi: Kwa hiyo anko, wanakaa tu?

Mjomba Selemani: Wanakaa. Dhoruba unashusha foromali, ule mti wa tanga, unamwomba Mungu, imepita. Shwari ndiyo inayomaliza watu, maji ya kunywa yanahesabiwa.

Mama Issa: Selemani, unanituliza au unanizika?

Mjomba Selemani: Nisamehe dada 🙏

*saa 10:15 jioni*

Issa: Assalam alaikum. Nimefika Moroni, laini nimenunua sasa hivi.

Zuhura: ALHAMDULILLAH

Mama Issa: Mwanangu!!

Issa: Mjomba alisema kweli. Tulitoka na upepo mzuri, kupita Msangamkuu tu nikaanza kutapika mpaka kesho yake. Nahodha akanipa ndimu, akasema tazama mbali, usitazame miguu. Siku ya pili jioni upepo ukakatika. Tanga likaning'inia kama shuka kambani. Bahari kama mafuta, chombo kinayumba palepale, foromali inalia kwii kwii usiku kucha. Maji mapipa mawili, na tumebeba mbuzi 40. Sisi kikombe asubuhi kikombe jioni. Mbuzi wanakunywa kutuzidi, maana mwenye mali kawahesabu.

Hamisi: Mbuzi daraja la kwanza 😂😂

Mama Issa: Mlikula nini?

Issa: Wali siku ya kwanza, baadaye ugali na samaki. Jiko ni debe la mchanga, limefungwa kwenye mlingoti, na sufuria nayo inafungwa kwa waya. Tulipokwama faulusi walijaa chini ya chombo, wanapenda kivuli. Nilimvuta mmoja kwa mshipi, njano na kijani anang'aa kama khanga mpya. Kumlaza tu, rangi zikamtoka huku namwangalia, akabaki kijivu. Nilimwonea huruma. Ila nilimla.

Zuhura: Na choo?

Issa: Kiko tezi, nyuma ya chombo, kinaning'inia nje. Shika kamba, usiangalie chini.

Zuhura: Mimi siendi Komoro kabisa

Issa: Usiku wa nne ndiyo mvua ikaja. Kiwingu kidogo, mara baridi ya ghafla, nahodha anapiga kelele "Shusha!" Tukashusha mbio, tukatandaza turubai tukakinga maji. Nilikunywa mpaka tumbo likauma. Baada ya hapo kaskazi ikarudi. Nilipewa zamu ya usukani saa nane usiku, maji nyuma yetu yanawaka kama kuna taa chini. Na mjomba, Karthala tuliliona wingu lake kabla ya mlima wenyewe.

Mjomba Selemani: Wingu hilo! Enzi zetu tulikuwa tukiliona tunafunga dira. Mkoje na forodha?

Issa: Mbuzi wanakaguliwa. Wameongezeka, 41. Mmoja kazaa njiani.

Mama Issa: Sweta nililokupa ulivaa? Ulilicheka hapa mbele za watu.

Issa: Nisamehe mama. Ule usiku wa mvua baridi iliingia mpaka kwenye mifupa. Lakini sasa hivi analo nahodha.

Mama Issa: Lile la marehemu baba yako. Mwambie alivue.

Issa: Kalala nalo mama.

Mama Issa: Mwamshe.